Nyama na viazi, maharage, adesi au makaroni: sufuria ipi ya shibe upike nyumbani na ipi upike kambini

Kuna zile siku baridi imekukamata, umechoka, na unachotaka ni kitu kizito cha moto kutoka sufuria moja, unakula umeshika bakuli kwa mikono miwili. Uwe nyumbani au kambini hamu ni ile ile. Shida ni kwamba wengi tunachagua cha kupika kwa hamu tu, halafu inafika saa tatu usiku nyama bado ngumu, gesi inakaribia kuisha na watoto washalala na njaa. Mi naona uanze na moto. Jiulize moto ulionao utadumu muda gani na maji unayo kiasi gani, ukishajibu hayo mawili nusu ya uamuzi umeshapita, hamu ije baadae.

Nimechukua sufuria nne ambazo karibu kila mtu anaweza kuzipika: nyama na viazi vya mchuzi mzito, maharage makavu, adesi, na makaroni yanayopikwa humo humo kwenye mchuzi wake. Zote zinashibisha kweli, zote zinataka sufuria moja yenye mfuniko, na hakuna inayohitaji fundi. Zinachotofautiana ni vile zinavyokula moto, maji, mgongo wako na usingizi wako.

Vitu vya kuangalia kwanza

Moto. Ukali sio hoja sana, hoja ni moto wa muda gani na unatulia kiasi gani. Jiko dogo la gesi la kambini moto wake umebana katikati, kwa hiyo chakula kizito kinashika hapo katikati wakati pembeni hata hakijachemka vizuri. Kuni nazo moto wake unapanda na kushuka, mpaka zishakuwa makaa ndo unapata ule mchemko wa taratibu. Nyumbani hili huliwazi sana kwa sababu unapunguza tu kitufe, ila gharama ya gesi au umeme wa masaa matatu iko pale pale.

Maji. Kuna maji ya kupikia, maji ya kuloweka na maji ya kuosha sufuria baada ya kula. Haya ya mwisho ndo yanasahaulika kabisa, na sufuria iliyoshika chini inakunywa maji mengi kuliko chakula chenyewe.

Mzigo. Viazi ni maji karibu asilimia 80, nyama mbichi nayo sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ukizibeba mgongoni unabeba maji ambayo pengine mtoni yapo. Gramu 100 za viazi vibichi zina kalori kama 80 hivi, gramu 100 za adesi kavu au makaroni makavu zina kama 350. Ukifika kambini kwa gari hii hesabu haikuhusu. Ukifika kwa miguu inakuhusu kuliko zote.

Kuharibika. Chakula kibichi cha nyama kinataka ubaridi wa nyuzi 5 kushuka chini, na chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa vuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndo bakteria wanazaliana vizuri, so kiporo kikizidi masaa mawili nje bila friji wala moto unacheza bahati nasibu, na kama hewa ni ya joto kali, kuanzia nyuzi 32 kupanda, fanya lisaa limoja tu.

Kingine kwa wanaopanda milima: maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, kama nyuzi 1 kila mita 300, kwa hiyo ukiwa mita 3000 maji yako yanachemka kwenye nyuzi 90 tu. Yanatokota kabisa unayaona, ila hayana joto la kulainisha haraka. Chakula cha dakika kumi kinaongezeka dakika chache. Chakula cha masaa mawili kinaweza kukutesa.

Nyama na viazi, mchuzi mzito

*Moto na muda.* Hii ndo inakula moto wa muda mrefu kati ya zote nne ukitoa maharage yaliyozeeka. Masaa mawili mpaka matatu ya mchemko mdogo mdogo, ule wa mapovu machache yanayopanda moja moja. Na sababu iko wazi, nyama inayofaa hapa ni ile ya sehemu zinazofanya kazi, muundi, shingo, bega, kidari, mkia, ambazo zina mishipa na utando mwingi. Ule utando ni kolajeni, na kolajeni ikikaa kwenye joto la nyuzi 80 hivi mpaka 95 kwa muda mrefu inayeyuka inakuwa jelatini, ndo inafanya mchuzi unanata kwenye midomo na nyama inaachia kwa kijiko. Ukiweka moto mkali ili iwahi, nyuzi za nyama zinajikaza zinatoa maji yake kabla utando haujayeyuka, unapata nyama kavu ndani ya mchuzi mwepesi. Na ukinunua steki laini ukidhani ndo bora, hapa umepoteza hela, haina utando wa kuyeyuka, inakuwa kama nyuzi tu.

Hatua ambayo haitakiwi kurukwa ni kukaanga nyama kabla ya maji. Ikaushe kwa kitambaa au karatasi, sufuria ipate moto kweli, mafuta kidogo, halafu weka vipande vichache vichache visigusane. Sikiliza, ule mlio wa kukaanga uwe mkali na usikatike, ukigeuka kuwa kama kunong'ona ujue nyama imetoa maji na sasa inachemka badala ya kukaangika. Usiigeuze geuze. Iache mpaka upande wa chini uwe wa kahawia iliyokolea na kipande kiachie chenyewe, maana kikiwa bado kinang'ang'ania chini hakijawa tayari. Ukitoa nyama utaona chini ya sufuria kuna utando wa kahawia umeshika, hapo ndo ladha yote ipo, tupia kitunguu, kikitoa maji yake kwangua na mwiko wa mbao taratibu utaona chini panasafishika na kitunguu kinachukua rangi. Sehemu hii ina thamani kuliko viungo vyovyote utakavyoweka baadae.

Kwa watu wanne chukua nyama kama gramu 800, vipande vya sentimita 4 (vidogo sana vinasambaratika kabla mchuzi haujakolea), vitunguu viwili vikubwa, karoti tatu, viazi gramu 700, na maji lita moja na kidogo. Viazi viingie nusu saa au dakika arobaini za mwisho, sio mwanzo. Viazi vya unga unga vinavunjika kidogo vinafanya mchuzi uwe mzito bila kuongeza unga, vile vya maji maji vinabaki na umbo lake, changanya vyote viwili kama unavyo.

*Maji na mzigo.* Maji yanatosha tu kufunika. Mzigo ni mkubwa, kwa watu wanne unabeba karibu kilo mbili ya vitu vibichi, na nyama inataka boksi la barafu. Ujanja unaofanya kazi ni kugandisha nyama ikiwa tayari imekatwa na kufungwa vizuri isivuje, inakuwa barafu yenyewe na inayeyuka taratibu njiani, ila uipike usiku wa kwanza.

*Kiporo na vyombo.* Kesho yake ni tamu zaidi, hili kila aliyepika anajua. Lakini hapa ndo pana hatari ambayo wengi hawaijui, sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama ikiachwa jikoni ipoe yenyewe usiku kucha katikati inabaki vuguvugu masaa mengi, na kuna bakteria ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, zinasubiri tu hilo vuguvugu zianze kuzaana. Gawa kwenye vyombo bapa, ipoe haraka, iingie friji ndani ya masaa mawili, kesho ichemshe mpaka itokote kote. Kambini kama huna barafu ya kutosha pika cha kuisha. Na ukigandisha kwenye friza toa viazi kwanza, vinakuwa chenga chenga baada ya kuyeyuka.

*Inamfaa nani.* Anayeshinda nyumbani siku nzima, au kambi ya gari yenye moto wa kuni ambao watu wanauzunguka hata hivyo. Kama moto utawaka masaa manne kwa ajili ya kuota, basi sufuria ikae pembeni kwenye makaa, moto wake ni wa bure.

Maharage makavu

*Moto na muda.* Loweka masaa nane mpaka kumi na mbili, halafu pika lisaa limoja mpaka moja na nusu. Hayo ni maharage ya msimu. Yaliyokaa dukani muda mrefu yanaweza kupita masaa mawili na bado yana kokoto ndani, na kwa macho huwezi kujua, kwa hiyo safari ya kambini isiwe mara ya kwanza kuyajaribu, pika kikombe nyumbani kwanza uone yanachukua muda gani.

Mambo yanayogomesha maharage ni mawili. Asidi, yani nyanya, limao, siki, ukiziweka mwanzo ganda linagoma kulainika hata upike mpaka asubuhi, ziingie maharage yakishaiva. La pili ni maji magumu yenye chokaa nyingi, hapo magadi ya kuokea keki kidogo, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, yanasaidia, ukizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni. Chumvi watu wanaiogopa bure, chumvi kwenye maji ya kuloweka inalainisha ganda na inaingia ndani.

Na hili naomba usilipuuze hata kidogo. Maharage mekundu yale makubwa yenye umbo la figo yana sumu ya asili, yakiliwa hayajaiva sawasawa hata machache tu yanaleta kutapika na kuhara vibaya ndani ya masaa machache. Dawa yake ni rahisi, yaloweke angalau masaa matano, mwaga yale maji, weka mapya, halafu yachemke kweli kweli kwa nguvu angalau dakika kumi, mi ningekwambia fanya nusu saa ulale usingizi, ndo upunguze moto. Majiko ya umeme ya kupika taratibu siku nzima mengine hayafiki joto la kuua hiyo sumu, na kwenye joto la nyuzi 80 inaweza hata kuzidi kuliko mbichi. Yachemshe kwanza kwenye sufuria ya kawaida ndo uhamishie huko. Na mlimani juu sana ambako maji hayafiki nyuzi 100 ongeza muda, au beba ya kopo ambayo yameshapikwa.

Presha kuka inabadilisha hesabu yote, ndani yake joto linafika karibu nyuzi 120, maharage yaliyolowekwa yanaiva dakika kumi na tano hivi baada ya kuanza kupuliza. Nyumbani kama unayo basi hoja ya muda imekufa.

*Maji na mzigo.* Makavu ni mepesi na hayaharibiki, nusu kilo inalisha watu sita vizuri. Maji ndo yanakula, ya kuloweka unayamwaga, ya kupikia mara tatu ya ujazo wa maharage, na unaongeza njiani. Kama unatembea, loweka asubuhi kwenye chombo cha mdomo mpana chenye mfuniko unaobana, ukifika jioni yako tayari, ila kwenye joto kali badili maji mchana maana yanaanza kuchacha na kutoa povu.

Kuna njia nyingine ya kuokoa gesi ambayo inafaa nyumbani na kambini. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, mfuniko usiachie, halafu itoe motoni haraka uifunge na mablanketi au begi la kulalia pande zote hadi chini. Masaa matatu manne baadae bado ina moto na maharage yamelainika au yamekaribia. Ichemshe tena kabla ya kula. Sufuria nusu tupu usijaribu, inapoa mapema mno.

*Ladha na shibe.* Shibe yake inakaa. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20 na nyuzinyuzi nyingi, usiku njaa haikuamshi. Ladha inataka msaada, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikolee rangi, kitunguu saumu, kitu chenye moshi au mafuta ya nyama kama unakula, na nyanya mwishoni. Ponda kikombe kimoja cha yaliyoiva urudishe sufuriani, mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Kuhusu tumbo kujaa gesi, kumwaga maji ya kuloweka kunapunguza kiasi, na mwili ukizoea maharage unatulia, lakini kama kundi lote linalala hema moja na hawajazoea, fikiria hilo pia.

*Kiporo na vyombo.* Yanaganda vizuri kwenye friza bila kuharibika umbo, kwa hiyo nyumbani ni akili kupika kilo nzima ukagawa. Sufuria inaoshwa kirahisi isipokuwa kama maji yalikauka.

*Inamfaa nani.* Mwenye familia kubwa na mfuko mdogo, mwenye presha kuka, na kambi ya kukaa sehemu moja siku kadhaa.

Adesi

*Moto na muda.* Zile za rangi ya machungwa zilizokobolewa na kupasuliwa zinaiva dakika kumi na tano mpaka ishirini, zinajiponda zenyewe unapata uji mzito. Za kahawia au kijani zenye ganda zinachukua dakika ishirini na tano mpaka arobaini na zinabaki punje. Hazilowekwi. Ukilinganisha na maharage unapata karibu lishe ile ile kwa robo ya moto, na sijui kwanini watu wanaobeba jiko la gesi kambini hawaanzi na hizi.

*Maji na mzigo.* Gramu 400 na maji lita moja na nusu, watu wanne wanashiba na mmoja anaongeza. Chambua kwanza kwenye sahani pana, kuna vijiwe vidogo vyenye rangi ile ile na jino likikutana nacho ukiwa mbali na daktari wa meno safari imeharibika. Chambua nyumbani, sio gizani na tochi. Zinatoa povu jingi mwanzoni na linamwagikia jiko, acha mfuniko wazi kidogo mpaka litulie.

*Ladha na shibe.* Zenyewe hazina makuu, zinapokea unachowapa. Zinachotaka ni mafuta yenye viungo juu yake: kaanga kitunguu saumu, tangawizi na bizari nyembamba kwenye mafuta mpaka inukie, mimina juu ya adesi zilizoiva, kamua limao. Dakika tatu tu hizo na zinabadilisha sufuria nzima. Kwa kambini changanya viungo vikavu nyumbani kwenye kipaketi kimoja. Shibe yake ni nzuri, protini kama gramu 24 kwa gramu 100 kavu, ila kwa mtu aliyetembea na mzigo mchana kutwa mi naona zinahitaji mkate, wali au viazi pembeni, peke yake anaweza kulala amejaa maji.

*Kiporo na vyombo.* Zikipoa zinaganda kama zege, ongeza maji ukipasha na koroga toka chini. Friza zinakaa vizuri. Sufuria ikishika, ni kwa sababu hukukoroga dakika tano za mwisho, maana zikishakuwa nzito zinazama na zinaungua haraka sana hasa kwenye jiko la gesi dogo.

*Inamfaa nani.* Anayerudi kazini saa moja usiku na hana nguvu, anayebeba mgongoni, asiyekula nyama, na mwenye watoto wadogo au mzee ambaye kutafuna ni shida.

Makaroni ya sufuria moja

*Moto na muda.* Dakika kumi mpaka kumi na tano baada ya kuchemka. Hapa humwagi maji, makaroni yanaivia kwenye mchuzi wake, gramu 400 kwa maji lita moja na robo pamoja na nyanya, kitunguu na chochote ulichokaanga mwanzoni. Wanga unaotoka unabaki humo humo na ndo unafanya mchuzi unashikana. Moto mdogo wanaoupenda wenye gesi chache unatosha baada ya kuchemka. Shida yake moja ni kwamba haikuruhusu uondoke. Dakika ya saba kupanda mbele maji yanapungua, mwiko unaanza kuwa mzito mkononi, na ukisikia chini kunakwaruza tayari yameanza kushika, ongeza robo kikombe cha maji na ukoroge ukikwangua. Toa motoni yakiwa bado na ugumu kidogo katikati na mchuzi unaonekana mwepesi kuliko unavyotaka, funika dakika tatu, yatamalizia yenyewe.

*Maji na mzigo.* Maji kidogo kuliko maharage na adesi, mepesi, hayaharibiki, hayana cha kuloweka wala kuchambua. Chagua yale mafupi, marefu yanasumbua kwenye sufuria ndogo na yanavunjikia kwenye begi.

*Ladha na shibe.* Kila mtu anakula, hata mtoto mbishi. Shibe inakuja haraka lakini inaondoka mapema, kwa sababu protini yake ni kama gramu 12 au 13 tu kwa gramu 100 na nyuzinyuzi ni chache. Iongezee uzito na jibini ngumu, soseji kavu, samaki wa kopo, njegere, au ngumi mbili za adesi za machungwa ziingie dakika nane kabla ya makaroni. Hiyo ya adesi naipenda kuliko zote, inapotelea kwenye mchuzi na hakuna anayejua kwanini leo wameshiba.

*Kiporo na vyombo.* Hapa ndo dhaifu. Kiporo kinanyonya mchuzi wote kinakuwa bonge, friza ndo kabisa. Na wanga uliokauka kwenye sufuria unahitaji kulowekwa kabla ya kuosha. Pika cha kutosha tu, weka maji kidogo kwenye sufuria mkiwa bado mnakula.

*Inamfaa nani.* Anayefika kambini giza limeingia na mvua inanyesha, mwanafunzi mwenye jiko moja, mpishi anayeanza.

Sasa wewe uko wapi

Uko nyumbani, ni siku ya mapumziko na watu wanakuja: nyama na viazi. Ianze mapema kuliko unavyodhani, ikiwahi kuiva haina hasara, inasubiri.

Uko nyumbani siku ya kazi: adesi, au makaroni kama kuna watoto wanaolia njaa sasa hivi. Kama una presha kuka na ulikumbuka kuloweka asubuhi, maharage yanaingia hapa pia, na wiki inakuwa nyepesi kwa sababu umepika ya siku tatu.

Bajeti imebana na midomo ni mingi: maharage na adesi kwa zamu, nyama kidogo tu kama kiungo. Gramu 200 za nyama yenye mafuta zikikaangwa vizuri ndani ya nusu kilo ya maharage zinaonekana kwenye kila bakuli.

Kambi ya gari, usiku mmoja au miwili, kuni zipo: usiku wa kwanza nyama na viazi wakati barafu ipo, usiku wa pili adesi au makaroni. Tumia sufuria nzito ya chuma kama unayo, inagawa joto vizuri kwenye makaa, na sufuria ya kawaida ipake sabuni ya maji kwa nje kabla ya kuiweka kwenye kuni, masizi yatatoka kwa kupangusa tu.

Kambi ya kukaa wiki sehemu moja na maji yapo karibu: maharage ndo mhimili, usiku mnaloweka, asubuhi mnachemsha na kufunga na mablanketi, mkirudi mchana chakula kipo. Ukitumia yale mekundu, nusu saa ya kuchemka kwa nguvu haina mjadala.

Unatembea na kila kitu kiko mgongoni: makaroni na adesi za machungwa, gramu 100 mpaka 130 kavu kwa mtu mzima kwa mlo, chupa ndogo ya mafuta, kipaketi cha viungo. Mafuta usiyaonee uchungu, gramu moja ina kalori 9 na hakuna kitu kingine kwenye begi kinachokupa hivyo kwa uzito huo.

Uko juu sana mlimani: makaroni madogo au adesi za machungwa tu, ongeza dakika chache na usitoe mfuniko ovyo. Maharage na nyama ngumu viache viwangojee chini, au vipike nyumbani kabla.

Kundi lina anayekula nyama na asiyekula: pika adesi au maharage bila nyama kabisa, soseji zikaangwe pembeni kila mtu ajiwekee. Usipike nyama sufuriani halafu umwambie mtu aichague atoe.

Na kama maji ni ya kugawana kwa chupa, makaroni, na sufuria mpanguseni kwa kipande cha mkate kabla haijafika kwenye maji ya kuoshea.